Mgambo wa Kyaka, mgambo wa jiji

Mtaje mgambo mbele ya muuza mitumba wa Kariakoo, au mama lishe wa karibu na stendi yoyote kubwa ya mabasi hapa nchini, uone uso wake unavyobadilika. Atakumbuka meza iliyopinduliwa, sufuria ya maharage iliyomwagwa chini, mzigo uliorushwa juu ya gari ukapelekwa yadi na haukurudi wote. Halafu mtaje mgambo huyo huyo kwa mzee wa Kyaka au Karagwe, mkoani Kagera, aliyevuka miaka sabini. Atajiweka sawa kwenye kiti, aanze kukutajia wenzake: nani alifika Kampala, nani alirudi na mguu mmoja, nani amelala kwenye makaburi ya mashujaa pale Kaboya.

Wote wawili wanasema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Nimezaliwa Kagera, nimekua nikisikiliza simulizi za vita ya Amin, na leo naishi Dar es Salaam ambako watoto wa mtaani kwetu wakimwona mtu mwenye sare ya mgambo wanapiga mluzi kuwatahadharisha wauza matunda. Naamini kwa dhati kwamba raia anayeshika silaha siku ya hatari, kisha akarudi kwenye jembe lake hatari ikipita, ni nguzo ya ulinzi wa nchi hii. Nguvu yake kubwa ni kwamba majirani zake wanamfahamu na kumwamini. Tumeichezea nguvu hiyo kwa miaka mingi, na siku tutakapoihitaji hatutaipata kwa kupuliza filimbi tu.

Asili ya jambo hili ni aibu ya Januari 1964. Tarehe 20 mwezi huo askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Uasi ukasambaa hadi Tabora na Nachingwea. Serikali ya nchi iliyokuwa na umri wa miaka miwili ya uhuru ikalazimika kuwaomba Waingereza, wale wale walioondoka juzi, waje kuwanyang'anya silaha askari wake. Tarehe 25 wanamaji wa Uingereza walitua na uasi ukazimwa. Wazee waliokuwa watu wazima wakati huo wanasema Mwalimu Nyerere hakuisahau aibu ile mpaka kufa kwake, nami nawaamini. Jeshi zima lilivunjwa, na Septemba 1 mwaka huo huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likichukua vijana wengi kutoka Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU. Jina lenyewe lilieleza kusudio: jeshi litokane na wananchi, liwe mali yao, lisiwe kikosi cha watu wa kukodiwa kinachokaa kambini kikisubiri mshahara na kinyongo.

Wazo la kumpa silaha mkulima wa kijijini lilikuja kukomaa mwaka 1971. Novemba 1970 Wareno walikuwa wameivamia Conakry, mji mkuu wa Guinea, wakafukuzwa. Januari 1971 Idi Amin akampindua Rais Milton Obote wa Uganda, jirani yetu kabisa. Mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo wake, na ndani yake ikasema waziwazi kwamba ulinzi wa taifa hauwezi kuwa kazi ya jeshi la kudumu peke yake. Wananchi wenyewe wafundishwe kujilinda, nchi nzima, vijijini na viwandani. Mwaka 1972 wapiganaji wa Obote walipojaribu kuingia Uganda wakitokea kwetu, Amin alijibu kwa kuzipiga Bukoba na Mwanza kwa mabomu ya ndege. Baada ya hapo hakuna mtu wa Kagera aliyehitaji kuelezwa mgambo ni wa nini. Sheria ya mgambo ikapitishwa mwaka 1973.

Baba mdogo wangu aliingia mafunzo hayo akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, kijijini kwetu wilaya ya Muleba. Anapoyasimulia haanzi na vita. Anaanza na bunduki za mbao. Fundi seremala wa kijiji alipewa kazi ya kuchonga bunduki kwa mbao za mruti, kila moja na kitako chake na mkanda wa kamba ya katani, na kuruta aliyeivunja alipewa adhabu ile ile kama aliyevunja ya chuma. Mchakamchaka ulianza kabla jua halijachomoza, wanawake kwa wanaume, halafu watu walikwenda mashambani, jioni wakarudi kwenye kwata. Bunduki ya kweli waliifikia mwishoni kabisa, chache, wakipokezana, risasi zikihesabiwa moja moja zinapotoka na maganda yake yakihesabiwa yanaporudi. Mkufunzi alikuwa koplo wa jeshi aliyekula na kulala nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi. Baba mdogo hukumbuka zaidi kwamba koplo huyo alimjua kila kuruta kwa jina la baba yake, na kwamba kijana aliyekuwa mwizi wa ndizi alikataliwa mbele ya watu wote, akaambiwa arudi akishatubu. Kwa maneno mengine, kijiji kilichagua nani ashike silaha. Jambo hilo nitalirudia.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wa Mutukula na kulichukua eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera, karibu kilomita za mraba 1,800. Inakadiriwa raia wapatao 1,500 waliuawa. Makumi ya maelfu walikimbilia kusini na vitanda vyao, na kuku wamefungwa miguu. Ng'ombe walisombwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Novemba 1 Amin alitangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Siku hizo hizo Mwalimu akasema redioni yale maneno ambayo hata mtoto aliyezaliwa jana anayajua, ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga.

Nia ilikuwapo. Uwezo ulitafutwa kwa haraka ya ajabu. Jeshi lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Katika muda wa majuma machache likavuka 150,000, kwa kukusanya polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na mgambo wapatao 40,000. Fikiria maana yake: watu wanaolingana na jeshi zima la awali walitoka mashambani, viwandani na maofisini, wakapanda malori na mabasi yaliyochukuliwa kwa wenyewe, wakapelekwa mamia ya kilomita kwenye barabara zilizokuwa matope matupu msimu ule wa mvua. Vijiji vilichanga ng'ombe na mahindi. Hakuna taifa maskini linaloweza kufanya hivyo kama halikuwa limeanza kazi hiyo miaka saba nyuma na bunduki za mbao.

Mwanzoni mwa Januari 1979 ardhi yetu ilikuwa huru. Jeshi likaendelea hadi Mutukula, kisha Masaka na Mbarara mwezi Februari. Baada ya hapo ikaja Lukaya, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu tunapenda kuwasifia mgambo kwa jumla bila kusema walipitia nini.

Lukaya ni mji mdogo kati ya Masaka na Kampala. Barabara inapita juu ya tuta, kulia na kushoto kinamasi cha mafunjo. Hakuna pa kujitawanya. Brigedi ya 201 iliyopewa kazi ya kushika njia hiyo iliongozwa na Brigedia Imran Kombe, askari mzoefu, lakini wapiganaji wake karibu wote walikuwa mgambo, na wengi hawakuwahi kuiona vita. Machi 10 wakakutana na askari wa Amin wakiwa pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi, vifaru mbele, roketi za Katyusha nyuma. Roketi nyingi ziliwapita juu ya vichwa. Lakini mtu aliyekuwa akipalilia pamba miezi minne iliyopita hajui kutofautisha roketi iliyompita na ile inayomjia. Brigedi ilivunjika. Watu wakatawanyika kinamasini gizani.

Baba mdogo hakuwa Lukaya. Yeye alilinda maghala na barabara nyuma ya mstari. Ila alimfahamu aliyekuwapo, na alichosimuliwa ni kwamba usiku ule watu walitafutana ndani ya mafunjo kwa kuitana majina ya walikotoka, wilaya kwa wilaya, kijiji kwa kijiji, wengine kwa kilugha chao ili kumtambua mwenzao na kumwepuka adui. Waliopatana walikaa pamoja mpaka alfajiri. Jenerali Musuguri, aliyekuwa na kamandi ya divisheni, alikuwa ameiamuru brigedi ya 208 izunguke kwa upande na kutokea nyuma ya adui. Machi 11 asubuhi brigedi ya 201, wale wale waliotawanyika jana yake, ilijipanga upya ikapiga kutoka mbele huku ya 208 ikipiga kutoka nyuma. Inakadiriwa Walibya wapatao 200 walikufa hapo, pamoja na askari wengi wa Amin. Njia ya Kampala ilifunguka, na Aprili 11 mji ukaanguka.

Ninapoitazama Lukaya naona mambo mawili ambayo hayatenganishiki. Mgambo aliyefundishwa kwa haraka hukimbia. Na mgambo anayejua yuko na nani, na kwa nini yuko pale, hurudi. Anayetaka kutumia raia kama askari lazima ayachukue yote mawili kwa uzito, asijidanganye kwamba uzalendo unaziba pengo la mafunzo, wala kwamba mafunzo bila mshikamano yanatosha.

Vita vikaisha Juni 1979. Nchi ilibaki na deni, maduka matupu na foleni za sabuni. Mgambo wengi walivua sare wakarudi kwao. Baba mdogo alirudi akakuta nusu ya migomba imemezwa na magugu. Alipewa heshima ya kijiji, mambo mengine yakasahaulika kimyakimya. Sina kinyongo kwa niaba yake, mwenyewe hana. Lakini naona hapo ndipo tulipoanza kumzoea mgambo kama mtu wa bure: unamwita ukiwa na shida, shida ikiisha humuulizi anaishije.

Silaha zilizozagaa baada ya vita, pamoja na njaa ya miaka ile, zilizaa wizi wa mifugo wa kutisha Usukumani na Unyamwezini. Wananchi wakaanzisha sungusungu, wenye pinde na mishale, filimbi na yowe la usiku. Ng'ombe walipatikana. Serikali ilisita kidogo, ikaona faida yake, na mwaka 1989 Bunge likawaingiza ndani ya sheria za mgambo. Mahali pengi walileta usingizi vijijini. Mahali pengine walijigeuza polisi, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa pamoja. Watu walipigwa, wakafukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi zisizo na ushahidi. Tulipata fundisho zuri hapo kuhusu raia mwenye nguvu asiye na wa kumwajibisha, tukaliacha lipite.

Sasa nije mjini.

Kijana mmoja wa kwetu, namwita mdogo wangu ingawa si wa tumbo moja, alifuzu mafunzo ya mgambo miaka michache iliyopita. Miezi minne kwenye uwanja wa shule ya msingi: kwata, kulenga shabaha, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, kuzima moto, masomo ya sheria kutoka kwa polisi. Sare na buti alijinunulia. Wazazi wake waliuza mbuzi. Siku ya kufunga mafunzo mkuu wa wilaya alikuja kuwa mgeni rasmi, na vijana wakaonyesha kwata la kimyakimya, wakafungua na kufunga bunduki macho yakiwa yamefungwa kitambaa. Mama yake alilia kwa furaha. Hotubani waliambiwa kwamba wao ni jeshi la akiba, kwamba nchi inawategemea, na kwamba wasitumie ujuzi wao vibaya.

Nchi haikuwapa kazi yoyote. Akafanya vibarua vya ulinzi, kisha akaenda kwenye mji mmoja ambao sitautaja, akachukuliwa na halmashauri kwa malipo ya siku, bila mkataba, awe anasimamia sheria ndogo za mji. Alipewa kirungu. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwaondoa wauza vitumbua kando ya barabara kabla ya msafara wa kiongozi kupita. Akanipigia simu usiku ule.

"Kaka, mimi nilifundishwa adui anatoka ng'ambo ya mpaka," aliniambia. "Leo nimeambiwa nimwage mafuta ya moto ya mama ambaye angeweza kuwa mama yangu. Na nimeyamwaga."

Hakudumu. Katika purukushani moja alivunjika kifundo cha mkono, akajitibu kwa fedha yake, na alipopona nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mwingine. Yule mama wa vitumbua ana haki ya kumchukia. Na yeye ana haki ya kujiuliza mkuu wa wilaya alikuwa anazungumzia nchi gani siku ile uwanjani.

Sipingi mji kupangwa. Barabara ya Kariakoo isiyopitika ni hatari yenyewe. Moto ukizuka gari la zimamoto halifiki. Mwishoni mwa mwaka 2018 Rais Magufuli alipoleta vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000, mabughudha mengi yalipungua kwa muda, na machinga wenyewe watakwambia hivyo. Ninachokipinga ni kuchukua sare ya jeshi la akiba, sare waliyozikwa nayo watu, na kuivalisha kazi ya kukimbizana na wanawake wenye ndoo. Kama halmashauri inahitaji wasimamizi wa sheria ndogo, iwaajiri, iwape jina lao, sare yao, mkataba wao na mahali pa kulalamikiwa. Zipo halmashauri zinazoajiri kwa utaratibu, nazipongeza. Mgambo aachwe awe mgambo.

Kuna watakaosema hili ni suala la adabu tu, la vijana wachache wasiofundishika. Nawaomba watazame majirani zetu. Mashariki ya Congo, tangu mwisho wa mwaka 2022 Rais Tshisekedi alipowataka vijana wajipange kuilinda nchi dhidi ya waasi wa M23, makundi mengi yenye silaha yamekusanyika chini ya jina la Wazalendo. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya jeshi la akiba ili kuwapa mahali ndani ya ulinzi wa taifa. Wamo humo vijana wa Masisi na Rutshuru waliotoka kuzika wazazi wao, na siwezi kuwadharau. Wengine walisimama mahali ambapo askari wa mshahara walikimbia. Lakini wamo pia wababe wa siku nyingi waliobadilisha jina usiku mmoja, wakaweka vizuizi barabarani na kumtoza mama anayepeleka mihogo sokoni. Hawakupata mafunzo ya pamoja, hawana mshahara wa uhakika, na kamandi yao inajulikana kwa nusu. Januari 2025 Goma ilianguka. Watu wa Goma wanaongea Kiswahili. Ukiwasikiliza wakieleza walivyokuwa wakimwogopa adui kutoka mbele na mlinzi kutoka nyuma, utaelewa kwa nini nasisitiza kwamba kijiji ndicho kichague nani ashike silaha, na dola ndiyo imfundishe, imlipe na imwajibishe.

Kenya nako wafugaji wa Turkana na Baringo wamelindwa kwa miaka na polisi wa akiba, raia wenye bunduki za serikali wanaolinda mifugo yao wenyewe. Mwaka 2019 serikali iliwanyang'anya silaha ikieleza kwamba zinatumiwa vibaya, wizi ukazidi, ikabidi warudishwe baadaye. Nyang'anya, rudisha, nyang'anya: hiyo si sera.

Lakini vita, Mungu atuepushe, huja mara moja katika kizazi. Maafa huja kila mwaka, na huko ndiko naona kazi kubwa ya mgambo wa leo iliyolala bila mtu wa kuifanya.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikiwa karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, wakiwa na makasia na kamba za nyavu. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafa. Taifa lilimpongeza kijana mvuvi Majaliwa Jackson, akapewa fedha na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ilistahili. Mimi nilikuwa naangalia picha zile za watu wamejaa ufukweni, wanaume wazima wakivuta kamba ndege isizame, nikajiuliza: katika umati ule kulikuwa na mgambo wangapi waliofuzu? Bila shaka wengi. Bukoba imefundisha mgambo kwa miaka hamsini. Hakuna aliyewaita kama mgambo. Hakukuwa na ghala la kata lenye kamba, majaketi ya kuokolea na shoka. Walivuta kamba kama raia wema, kila mtu kwa akili yake.

Ilikuwa vivyo hivyo Ukara mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka na kuua watu zaidi ya 220. Desemba 3, 2023, tope liliporomoka kutoka mlima Hanang na kuifunika Katesh. Jeshi lilikuja na mitambo na kufanya kazi ya kusifika, lakini saa za mwanzo zilikuwa za majirani wenye majembe. Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka Kariakoo, watu walianza kuchimba kwa nyundo na mikono mitupu, wakiwasikia wenzao wakilia chini ya zege. Na nina hakika kwamba katika waliochimba walikuwamo machinga na walikuwamo mgambo wa jiji, bega kwa bega, watu ambao wiki moja kabla walikuwa wakikimbizana mtaa ule ule.

Anayeokoa saa ya kwanza ni aliyepo. Zimamoto haiwezi kuwa kila kata. Hatuna fedha hiyo na hatutakuwa nayo karibuni. Mgambo yupo kila kata tayari. Ameshafundishwa kutii amri, kusoma ramani, kubeba majeruhi. Anaijua njia ya mkato kwenda mtoni, anajua nyumba ipi ina bibi asiyeweza kutembea, anajua nani ana mtumbwi na nani ana trekta. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo nyingi ni karatasi yenye majina ya watendaji. Zikipewa mgambo wake zitakuwa na mikono.

Ningependa kuona mafunzo ya miezi minne yakibadilika kulingana na mahali: anayeishi kando ya ziwa afundishwe kuogelea na kuokoa majini kabla ya kwata la kimyakimya, anayeishi chini ya mlima afundishwe dalili za maporomoko, wa mjini afundishwe kuingia kwenye jengo lililoanguka bila kuwazika zaidi waliomo. Ningependa wanawake wawe wengi zaidi, na kila kata iwe na ghala lake la vifaa vya uokoaji. Ningependa orodha ya waliofuzu iwepo hai kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, yenye namba za simu zinazopatikana, na watu waitwe kwa zoezi walau mara moja kwa mwaka, walipwe posho ya siku hizo na wawe na bima kwa muda wote walioitwa. Kijana aliyevunjika mkono akiitumikia serikali asijitibu kwa kuuza simu yake. Na mkutano wa kijiji upewe tena sauti ya kumkataa mtu kabla hajaandikishwa, hadharani, kama yule mwizi wa ndizi alivyokataliwa.

Baba mdogo nilimsomea sehemu za makala hii kwa simu. Kuhusu vita hakurekebisha chochote. Alichouliza ni kuhusu ghala: ufunguo atakaa nao nani? Ukikaa kwa mtendaji, alisema, usiku wa maafa mtendaji atakuwa mjini. Ukae kwa mtu anayelala palepale. Amelinda maghala ya jeshi mwaka mzima, anajua anachokisema, nami nimeliongeza.

Nimemwandikia diwani wa kata yetu. Amekubali suala hili lisomwe kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla bajeti ya halmashauri haijafungwa, kwa kuanza na kamba, machela, majaketi ya kuokolea na tochi. Kama kata yako ina ziwa, mto, mlima au maghorofa yanayojengwa usiku, mpelekee diwani wako maswali haya kwa maandishi: mgambo waliofuzu katika kata hii ni wangapi, wanaishi wapi, nani mwenye namba zao, na wakiitwa usiku wa leo watakuja na nini mkononi?